Chapa ya Kombe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilivyovunja kitu kisichokuwa changu nikaamua kunyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na sita na kichwa kigumu. Tangu jana unaniuliza kwa nini chungu kile cha pale juu ya kabati kina chapa mbili shingoni, moja ina vipele na nyingine laini. Sikukujibu kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa wageni wa harusi yako, na jibu lake si la kusema huku watu wanapakua wali. Sasa tumebaki wawili. Vuta kigoda. Usikae mlangoni, unanizibia mwanga.

Wakati huo, miaka ile ya hamsini, tulikaa Kihesa. Usifikirie Kihesa hii ya leo yenye maduka kila kona. Ilikuwa mashamba na ng'ombe na nyumba za tembe hapa na pale, na kwenda Iringa mjini tulikwenda kwa miguu, mzigo kichwani. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake baba. Mimi nilimwita Shangazi. Kwako wewe huyo ndiye mama aliyemzaa babu yako Lukasi.

Shangazi alikuwa mfinyanzi, tena si wa kubahatisha. Akina mama waliokuja kununua hawakuanza na bei. Walikishika chungu, wakapitisha kidole gumba shingoni, kuzunguka mpaka walipoanzia. Walikuwa wanatafuta chapa yake. Wakiipata walicheka wenyewe, ndipo wakauliza unataka nini, maana wengi walilipa kwa mahindi au kuku. Wapo waliojaribu kuiga chapa ile kwa kijiti au kwa gunzi la mahindi. Hawakuweza, kwa sababu Shangazi alikuwa na kombe.

Kombe la baharini, lile gamba gumu, mwanangu, huku milimani! Baba yake alikwenda pwani kukata mkonge akiwa kijana, akarudi na blanketi, sufuria moja, na kombe hilo. Lilikuwa dogo, linaenea kwenye kiganja. Mgongoni lilikuwa na matuta, kama yale ya viazi vitamu, na juu ya kila tuta palikuwa na vipele vidogo vilivyokuwa vyekundu zamani. Chungu kikishalainishwa, kabla hakijakauka, Shangazi alilaza mgongo wa kombe shingoni, akabingirisha kidogo, akainua, akalaza tena. Mimi nilikuwa nashika pumzi nikimtazama. Alilitunza ndani ya kibuyu, na sisi nyumbani tulijua kwamba atakayepewa kibuyu kile ndiye atakayeshika kazi.

Nilidhani ni mimi. Nani mwingine? Nilichimba naye udongo bondeni tangu nikiwa na meno ya utoto.

Kisha akaja bibi yako Atuganile.

Lukasi alikuwa kwenye chai huko Mufindi, akampata msichana wa Kinyakyusa aliyetoka upande wa ziwani, akamleta nyumbani, yeye akarudi kazini. Bibi yako alikuja na sanduku moja na mikono ya ajabu. Kwao kuna wafinyanzi, alikuwa amekaa nao. Siku ya kwanza tu aliinua udongo, ukawa chungu kabla sisi hatujamaliza kumcheka lafudhi. Nasema ukweli, tulimcheka sana. Akisema neno, mimi nalirudia kwa sauti yake, majirani wanakufa kwa kicheko, na yeye anacheka pia. Shangazi alikuwa anamtazama mikono tu. Mimi nikaona vile anavyomtazama, kijicho kikaniingia.

Basi kiangazi hicho Shangazi alishikwa na homa, akalala ndani siku nyingi. Bibi yako naye alikuwa amekwenda kwao kumwona mama yake, maana alikuwa mjamzito wa miezi sita na alitaka kumwonyesha mama tumbo kabla halijawa kubwa la kushindwa safari. Nikabaki mwenyewe na kibuyu. Nikajisemea, leo nitafinyanga changu, nitapiga chapa mwenyewe, Shangazi akiinuka atakuta chungu kinamngoja aone nani anafaa. Nikalichukua kombe bila ruhusa. Nikapiga chapa, ikatoka vizuri kweli. Nikaenda mtoni kuliosha, nikiimba. Likaniteleza kwenye jiwe.

Vipande vitatu.

Chungu chenyewe nilikiponda siku ileile, nikarudisha udongo kwenye fungu, maana kingeniumbua. Vipande vya kombe nikavifunga kwenye pindo la kanga, nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Halafu, mwanangu, badala ya kwenda kumwambia mgonjwa wangu mle ndani, nikaanza kufikiri kijanja. Mjini Iringa alikuwapo Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyezaliwa Kilwa, mumewe akiuza nguo. Tulikuwa tunampelekea vyungu. Kwake nilishaona kikapu cha makombe dirishani, na moja alikuwa anachotea manjano jikoni. Kesho yake nikampelekea mtungi wake, nikamwomba kombe moja.

"La kazi gani?" akaniuliza.

"La kuchezea, bibi."

"Ala! Msichana wa kuposwa unachezea makombe?" Akacheka, akalikung'uta lile alilokuwa akichotea manjano, akanipa. Nikalitazama. Jeupe, dogo, lina matuta. Nikamshukuru Mungu kabisa, eti amenisaidia, nikalitia kwenye kibuyu.

Bibi yako akarudi. Shangazi, akiwa kitandani, akamwambia, "Mwanangu, vile vyungu vinakauka, nipigie chapa wewe, mimi siwezi kuinuka." Moyo uliniuma kusikia ameambiwa yeye, si mimi! Bibi yako akakaa chini, akalitoa kombe, akaligeuzageuza.

"Wifi," akaniita, "hili kombe mbona limekuwa laini?"

"Limekuwa laini au wewe umesahau?" nikamjibu. "Umekaa kwenu wiki nzima."

Akacheka kidogo, akaamini. Akapiga chapa vyungu vyote vya kiangazi kile. Neno hilo moja, mwanangu, ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata kombe.

Vyungu vikachomwa kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe na nyasi, kama kawaida. Shangazi akapata nafuu siku ya kuvitoa kwenye majivu. Akatoka amejifunga blanketi, akachukua cha kwanza, akapitisha kidole gumba. Akakiweka. Akachukua cha pili, cha tatu. Sisi tumesimama.

"Nani kaniibia mkono wangu?" akasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliagiza kibuyu, akalitoa kombe, akalisugua mgongo kwa kidole, akamtazama bibi yako. Mwenyewe hebu hesabu: nani alikuwa amesafiri? Nani amepiga chapa? Nani ametoka kwa wafinyanzi wa ziwani? Shangazi akasema, "Umelipeleka kwenu. Kombe la baba yangu umelipeleka kwenu ziwani, ukaniletea la huko."

"Mama, sijachukua," bibi yako akasema. "Mungu ananiona."

"Mungu anakuona. Mimi nataka kombe langu. Lisiporudi, utarudi wewe."

Siku tatu, mwanangu. Siku tatu bibi yako alisonga ugali, akatuandalia, akala peke yake nje na tumbo lake. Lukasi yuko Mufindi, hajui lolote. Na mimi nilikuwa nakula ugali ule. Nilikuwa najiambia nitasema jioni, ikifika jioni najiambia asubuhi. Nilijua kabisa kwamba mtu anafukuzwa kwa kosa langu, na nilinyamaza. Sikuwa mtoto. Usinitetee.

Siku ya nne Shangazi akasema, "Twende kwa yule bibi wa pwani. Yeye makombe anayajua. Akisema hili ni la ziwani, maneno yamekwisha." Akanibebesha chungu cha zamani chenye chapa ya kweli, yeye akabeba kibuyu. Mwenye kombe ndiye tunayemwendea!

Bi Mwanahawa alitukaribisha barazani, akatupa maji. Nikamwamkia shikamoo bila kumtazama. Shangazi akaeleza yote, kuhusu mkwe wake, kuhusu ziwa, akampa kombe. Bi Mwanahawa akalipokea, akaligeuza upande wa ndani. Huko ndani, mwanangu, palikuwa na doa la manjano ambalo sikulisugua likaisha. Akaliona. Akaniona mimi. Kisha akarudisha macho kwenye kombe, akaanza kusema na Shangazi polepole.

"Kwanza, hili si la ziwani. Ya ziwani nimeletewa, na ya mtoni pia. Yale ni laini, kwa ndani yanang'aa, hayana matuta namna hii. Hili ni la bahari. Sisi tukiwa wasichana tulikuwa tunayaokota maji yakitoka, tunayachemsha kwa nazi. Mkweo hana kosa la ziwa."

Shangazi akakunja uso. "Sasa mbona chapa si yangu?"

"Kwa sababu nyinyi watu wa bara mkiona kombe mnaona kombe tu." Akacheka, lakini kwa upole. "Mabinti wa kwetu wanayajua kama nyinyi mnavyojua maharage. Huangalii weupe, yote yakikaa juani yanakuwa meupe. Unaangalia mgongo. Matuta ni mangapi, ni mapana au membamba, yana vipele au hayana. Halafu unaangalia ubavu, umezunguka au umekatwa wima. Mwisho unaangalia hapa, kwenye bawaba, pale kombe na mwenzake waliposhikana. Ona hili lina meno madogo mengi, yamejipanga kama chanuo."

Ndipo akanigeukia. "Binti, wewe una macho mazuri. Tuhesabie matuta. Kwa sauti."

Akanipa kombe mkononi. Nikahesabu, nikapotea, nikaanza tena. Thelathini na nane. Akanisogezea chungu cha zamani, akaniwekea kidole pale kombe lilipolazwa mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo. "Na hapa." Ishirini na saba, mapana, kila moja lina vipele vyake. Angeweza kusema, mwanangu. Neno moja tu, "Huyu ndiye niliyempa", ningeumbuka mbele ya Shangazi na mbele ya jirani zake wote. Hakusema. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anaulizia chumvi: "Sasa wewe uliyehesabu, tuambie. Hili la thelathini na nane limetokea wapi?"

Nikapiga magoti. Nikafungua pindo la kanga, nikaweka vipande vitatu mbele ya Shangazi, nikasema yote, mpaka lile neno la "umekaa kwenu wiki nzima".

Shangazi hakunipiga. Alikiokota kipande kikubwa, akakipitisha kidole gumba, machozi yakamtoka. Bi Mwanahawa akakichukua kile chenye bawaba, akatuonyesha: meno machache, makubwa. Akasema kombe namna ile kwao huonekana mara chache, halimo kikapuni mwake, na hakutudanganya kwamba atalipata. Halafu akanishika kidevu.

"Kombe limevunjika, limekwisha, hakuna wa kukuua. Lakini tazama ulivyofanya. Umelitazama kombe juujuu ukasema ndilo hilohilo. Mwenzako mmemtazama juujuu mkasema ndiye mwizi. Macho yaleyale. Uyarekebishe ungali mdogo."

Sijasahau. Mama yule hakuwa ndugu yangu, hatukuwa kabila moja wala dini moja, na alinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Kila nikisali namtaja.

Tukarudi Kihesa mbio, Shangazi na homa yake. Nyumba tupu. Jirani akatuambia, "Mkamwana wako ameondoka na sanduku, amesema anateremkia barabara ya Mbeya kungoja basi." Alipotuona tumeondoka na kibuyu alijua kwamba hukumu imefika, hakutaka kungoja kufukuzwa. Nilikimbia, mwanangu, hata leo nashangaa miguu ile ilitoka wapi.

Nilimkuta ameketi juu ya sanduku, miguu imemvimba. Nikamwambia palepale, nimesimama, nahema.

"Siku zote hizo," akasema, "ulikuwa unakula ugali wangu."

"Ndiyo, wifi."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Basi likaja. Utingo akaruka, akashika sanduku, anaita Mbeya, Mbeya. Bibi yako akasimama. Mimi nililia tu kama mjinga. Na ndipo tukamwona Shangazi anateremka ile njia, blanketi limeanguka bega moja, anayumba. Akafika, hakusalimu, hakueleza. Akalichukua sanduku mkononi mwa utingo, akaliweka kichwani mwake mwenyewe, akageuka kuelekea nyumbani.

Mama mkwe kumbebea mkamwana sanduku! Kwetu jambo hilo halijaonekana. Bibi yako akasimama pale kidogo, basi linanguruma, halafu akasema, "Mama, utaanguka, lete," akamfuata. Mimi nikawafuata wote wawili.

Mtoto aliyekuwa tumboni ni baba yako.

Na kibuyu? Shangazi alimpa Atuganile, pamoja na kombe la Bi Mwanahawa na vile vipande, mbele yangu, na nilishukuru kwamba nipo kushuhudia. Bibi yako ndiye aliyefinyanga chungu hicho unachokitazama. Chapa ya juu aliipiga kwa kipande kikubwa cha kombe la zamani, vipele vile vya kweli. Ya chini kwa lile laini. Akanipa mimi, anacheka, "Chukua, wifi. Usiku usipopata usingizi, hesabu." Alikuwa na utani mkali bibi yako, Mungu amrehemu. Alinifundisha kufinyanga mpaka nikawa mtu, na wateja wakaizoea chapa mpya, wakawa wanaitafuta kwa kidole gumba kama ile ya kwanza.

Lakini kubwa nililomshukuru ni hili. Tuliishi naye miaka mingi, tumegombana, tumezika, tumelea. Hakumwambia mtu. Lukasi hakujua, baba yako hakujua, wewe umekulia mgongoni mwake na hukujua. Alinisitiri mpaka anaingia kaburini, na Shangazi vilevile. Leo nimekuambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama nilivyofundishwa pale barazani.

Sasa nisikilize vizuri. Kesho kutwa unakwenda Ubaruku kwa wakwe zako, kwenye mashamba ya mpunga, ambako hakuna anayekujua. Utachekwa jinsi unavyosema, utachekwa unavyosonga ugali. Cheka nao. Ukikosea, ukivunja, ukimwaga, sema siku hiyohiyo, kabla kosa lako halijabebeshwa mtu mwingine. Na siku moja wewe ndiye utakuwa mwenyeji, ataletwa msichana mgeni na sanduku lake, na kitu kitapotea. Usimtazame juujuu. Mgeuze taratibu, mwangalie mgongo, mwangalie ubavu, hesabu mpaka mwisho ndipo useme. Na ukigundua kuna mwenye kosa, mpe nafasi aseme mwenyewe, kama bado anaweza.

Kishushe kile chungu. Polepole, kwa mikono miwili. Ni chako, nimekitunza kwa ajili ya siku kama hii. Pitisha kidole gumba hapo shingoni, zunguka mpaka ulipoanzia. Umeisikia? Basi. Mungu akupe mikono ya Atuganile, na ulimi usiochelewa kama ulivyochelewa wangu. Akupe mama mkwe atakayekubebea mzigo, na majirani kama Bi Mwanahawa. Nyumba yako isikose moto wala maji, watoto wako wakue wakijua walikotoka. Nenda kwa amani, mwanangu, mimi shangazi wa baba yako nimekubariki.